Mzee Arthur C. Clarke katutoka: uzi wa kumlilia

Kibatari (Dar), Jumatano 19 Machi 2008

Wakuu heshima mbele. Najua wiki hizi jukwaa zima ni Richmond tu, ile kashfa ya umeme, na majirani zetu Wakenya nao wanahesabu wizara ngapi zinaenda upande gani, lakini naomba mnipishe kidogo maana habari niliyoikuta asubuhi hii imenikata maini. Arthur C. Clarke amefariki. Usiku wa kuamkia leo huko Colombo, Sri Lanka, saa saba na nusu usiku kwa saa zao, yani kwetu ilikuwa saa tano usiku watu wanatandika vitanda. Miaka 90. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na miaka mingi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu sababu ya madhara ya polio.

Kwa wasiomjua, huyu ndo alieandika 2001: A Space Odyssey, ile yenye kompyuta HAL inayogoma kumfungulia mtu mlango. Alikiandika huku Stanley Kubrick anatengeneza filamu yake, vyote vikatoka 1968, mwaka mmoja kabla binadamu hajakanyaga mwezini. Ndo alieandika Rendezvous with Rama, Childhood's End, The Fountains of Paradise na vingine ambavyo nikianza kuvitaja saa yangu hapa kafe itaisha. Mwingereza, kazaliwa Minehead 1917, ila 1956 akahamia Ceylon kufuata mapenzi yake ya kupiga mbizi na ndo ikawa kwao mpaka anaondoka.

Lakini sikuja kusoma wasifu hapa. Nilichotaka kusema ni hiki. Oktoba 1945, vita imetoka kuisha, jamaa ana miaka 27, hajulikani na mtu, yuko jeshini kwenye mambo ya rada, akachapisha makala kwenye jarida la Wireless World. Akasema hivi: ukipeleka chombo mpaka kama kilomita 36,000 juu ya Ikweta kitaizunguka dunia kwa saa 24, na dunia yenyewe inajizungusha kwa saa 24, kwahiyo ukiwa chini utakiona kimeganda palepale. Weka vitatu vya hivyo, umeifunika karibu dunia nzima kwa simu na televisheni. Hiyo ni miaka 12 kabla ya Sputnik, setilaiti ya kwanza! Hamna mtu aliyekuwa amerusha hata kopo likazunguka.

Sasa angalieni wenyewe. Bongo hatuna waya wa baharini wa intaneti. Hii kafe ina dishi juu ya paa, nikibonyeza tuma haya maneno yanapanda kilomita 36,000, yanashuka 36,000 mahali fulani Ulaya, ndo yanakuja kwako, na ukinijibu yanapita kulekule. Yani habari ya msiba wa mzee imenifikia kupitia wazo la mzee mwenyewe. Nimekaa nalo hilo tangu saa tatu asubuhi, kazi hazifanyiki.

Kuna mwingine humu alimsoma? Tumlilie basi.

Nyangema

Daaah. RIP mzee.

Mi nilimjulia kwenye Childhood's End, kitabu cha mtumba nilinunua chini pale Posta, hakina jalada wala kurasa za mwisho. Wageni wanakuja na meli zao zinasimama juu ya miji mikubwa yote, wanatawala dunia kwa upole kabisa, vita zinaisha, njaa inaisha, ila hawajionyeshi sura. Miaka 50 wanaongea tu kwa sauti. Halafu siku wanajitokeza, mkuu, pembe, mabawa, mkia, shetani mtupu wa kwenye vitabu vya katekisimu! Nilikuwa peke yangu kwenye banda la shule usiku na kibatari (si wewe mleta uzi, kibatari halisi), nikafunga kitabu nikaenda kulala na wenzangu. Na mwisho wake sikuujua mpaka nimefika chuo nikakuta kizima maktaba. Ningejua ningebaki bila kuujua, manake ule mwisho si wa kumsomea mtu mwenye watoto.

Mlalahoi Asilia

Nyie watu mna muda. Mzee wa kizungu kafia Asia baada ya kuishi miaka 90 mnamlilia hapa, wakati mtaani kwangu watu wanakufa kwa malaria hamna anayefungua uzi. Na hadithi za kufikirika zimetusaidia nini sisi? Wazungu waandike za anga, sisi maji tu ya bomba yametushinda.

Kibatari (Dar)

Mlalahoi kaka, msiba haukatazi msiba mwingine. Fungua wa malaria nami nitakuja, naapa.

Na swali lako la zimetusaidia nini umeliuliza kupitia setilaiti bana.

Fundi wa Juu

Mimi si msomaji sana wa riwaya ila hii imenigusa kwa sababu huyo mzee ndiye ananilisha. Nafunga madishi hapa Nairobi na pande za Kitengela, Thika mpaka Nakuru. Watu hawajui bahati tuliyo nayo hapa Ikweta. Ukiona picha za Uingereza dishi limeegemea ukuta kama mtu anachungulia dirisha la jirani, kwa sababu kule setilaiti ziko chini karibu na upeo wa macho. Hapa kwetu ile setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki iko karibu utosini kabisa, Nairobi yenyewe iko nyuzi 36 na nukta nane. Lile dishi kubwa la duara, lile LNB yake, kile kifaa kinachopokea mawimbi, inakaa katikati kwa miguu mitatu, ukilielekeza huko linalala chali. Lazima utoboe tundu la maji chini, la sivyo mvua ya Aprili ikianza mteja anafuga mbu.

Na kuna jambo lingine, labda mtasema nalazimisha. Wiki hii hii ndiyo ile ya jua. Kila Machi na kila Septemba jua linapita juu ya Ikweta, na setilaiti zote za namna ya Clarke ziko juu ya Ikweta, kwa hivyo siku chache linapita nyuma yake kabisa. Wateja wanaanza kunipigia kama saa saba kasorobo mchana, fundi TV imekufa, fundi njoo. Nawaambia usiguse waya, usipande juu, keti chini unywe chai itarudi yenyewe. Dishi linakuwa linatazama jua uso kwa uso na kelele ya jua inameza mawimbi yote. Leo mchana nilikuwa juu ya paa la mteja nikaona kivuli cha LNB kikisogea polepole mpaka kikatua katikati kabisa ya dishi, picha ikaanza kuvunjikavunjika vipande, ikapotea. Baada ya dakika chache kivuli kikatoka, picha ikarudi. Mteja akaniuliza umefanya nini, nikamwambia sijafanya kitu, lipa.

Habari ya kifo nimeipata jioni. Pole kwa wapenzi wake.

Nyangema

"lipa" hahahaha. Fundi wewe ni mtu hatari.

Darubini

Uzi mzuri, ila tuwe waangalifu tusimvike mzee joho ambalo mwenyewe asingelikubali. Ile njia ya angani yenyewe hakuigundua yeye. Herman Potočnik, aliyeandika kwa jina la Noordung, alikuwa ameielezea kwenye kitabu chake kilichotoka Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1920. Clarke alichofanya ni kuona kwamba pale ndipo pa kuweka vituo vya mawasiliano, na akapiga hesabu za nguvu ya redio inayohitajika. Na kuna kitu alikikosa kabisa: alidhani vituo hivyo vitakuwa na watu wanaoishi humo, maana mitambo ya wakati ule ilitumia vali za kioo zinazoungua kila mara, nani atazibadilisha? Transista ilikuja miaka miwili baadaye ikamaliza tatizo. Mwenye wazo la setilaiti alipitwa na kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja, hilo mimi hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Hakuliandikia hataza pia. Baadaye akaandika insha ya kujicheka kwamba alipoteza dola bilioni moja katika muda wake wa mapumziko. Lakini hiyo njia leo wanaastronomia wanaiita kwa jina lake, na hiyo si haba.

Nikiwa hapo niwape kimoja ambacho hakisemwi sana. Setilaiti ya Syncom 2, ya kwanza kufanya kazi kwenye mzunguko wa saa 24, ilirushwa 1963. Agosti mwaka huohuo Rais Kennedy akaitumia kuongea na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, ambaye alikuwa ndani ya meli ya Kimarekani iliyotia nanga bandarini Lagos. Yaani simu ya kwanza ya viongozi wa nchi kwa njia hiyo, upande mmoja wake ulikuwa Afrika.

Na kingine. Ile makala ya 1945 inataja vile vituo vitatu vikae wapi: kimoja nyuzi 150 Mashariki kwa China na Oceania, kimoja nyuzi 90 Magharibi kwa Amerika, na cha kwanza nyuzi 30 Mashariki kwa Afrika na Ulaya. Chukueni atlasi muone nyuzi 30 Mashariki inakutana wapi na Ikweta.

Kibatari (Dar)

Nimetoka kuazima atlasi ya mtoto wa jirani. Ni Kasese!! Uganda, pale chini ya Ruwenzori. Mpaka wa Kongo uko hapo pembeni. Jamani mimi siamini.

Dereva wa Mpondwe

Weeee. Kasese hiyo hiyo? Mimi niko Kasese sasa hivi naandika hii! Nimeshusha saruji niko nasubiri karatasi ziishe niende Mpondwe nivuke. Hapa barabarani kuna ule mduara wa Ikweta watalii wanasimama kupiga picha mguu huku mguu kule, nimepita hapo hata sijui mara ngapi na kila mara nawaona ni watu hawana kazi. Kumbe juu yake pale ndo huyo mzee alitaka kutundika mtambo wake wa kwanza? Nimetoka nje ya kafe nimeangalia juu, mawingu tu na harufu ya mafuta. Lakini nimeangalia.

Sijawahi soma kitabu chake hata kimoja. Nisome kipi, kile chepesi, mimi nasoma nikiwa kwenye foleni ya mpaka.

Nyangema

Rendezvous with Rama mkuu. Chombo kikubwa ajabu, silinda ya kilomita kama 50 urefu wake, kinaingia kwenye mfumo wa jua letu kutoka hukooo nyota za mbali, watu wanaenda kukikagua. Ndani kuna bahari imepinda juu ya kichwa chako. Hakuna vita, hakuna mapenzi, hakuna adui, ni watu wanatembea tu na tochi wanashangaa na wewe unashangaa nao. Foleni ya mpaka ndo mahali pake.

Mzaramo Mtulivu

Mie ningesema aanze na hadithi fupi. The Star, ya 1955. Padri Mjesuiti ambaye pia ni mwanaastronomia yuko kwenye chombo mbali kabisa, wamekuta mabaki ya nyota iliyolipuka na kuteketeza watu wastaarabu, wazuri, wenye muziki na watoto wanaocheza ufukweni. Padri anapiga hesabu mwanga wa mlipuko ule ulifika duniani mwaka gani. Inakuwa ndo ile nyota ya

Nyangema

USIMALIZE!!! Dereva hajasoma!

Mzaramo Mtulivu

Haya nimenyamaza. Ila Pasaka hii mtu akiisoma aje aniambie.

Mama Shani, Alhamisi 20 Machi

Nawasalimu. Nimesoma gazetini kwamba aliacha maagizo ya maandishi asifanyiwe ibada ya aina yoyote, ya dini yoyote ile. Mwanangu anampenda sana huyu mzee na tangu jana ana huzuni, mimi nikabaki najiuliza nimwambieje, nimwambie Mungu amlaze pahali pema wakati mwenyewe hakutaka? Si kwamba namhukumu, naomba ushauri wenu kwa nia njema.

Ustadh Mpenda Nyota

Mama Shani, shikamoo. Swali lako ni la kiungwana. Mimi Mwislamu na leo tuko kwenye Maulid, na nimemsoma Clarke tangu shule. Alikuwa hafichi, hakuwa mtu wa dini. Lakini ukimsoma hukuti mtu mwenye kiburi mbele ya uumbaji. Vitabu vyake vingi vinaishia na binadamu kasimama mbele ya kitu kikubwa kuliko akili yake, kinywa wazi. Mimi nikitoka kumsoma nilikuwa naangalia mbingu vizuri zaidi nikienda kuswali alfajiri. Mwanao mwambie asante ya kitabu inatosha kuwa sala yake kwa leo. Mengine tumwachie mwenyewe Mola, si kazi yetu humu jukwaani.

Mlalahoi Asilia

Nilijua tu mtafika kwenye dini.

Mama Shani

Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki. Nimemsomea jibu lako.

Bin Ngomeni

Salaam. Mimi kwetu Ngomeni, huku kaskazini ya Malindi. Mnazungumzia anga kana kwamba ni mambo ya mbali. Sisi wavuvi wetu wamekulia wakitazama ile minara ya Waitaliano baharini, San Marco, vyuma vimesimama kwa miguu ndani ya maji. Pale ndipo iliporushwa Uhuru, tarehe 12 Disemba 1970, ndio maana ikapewa jina hilo, ilikuwa sikukuu yetu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa duniani ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani. Baba alikuwa akitwambia vile bahari ilivyofungwa siku za kurusha, hakuna ngalawa kwenda, wazee wanakasirika samaki wanapita bure halafu mara moto unapanda na wote wanasahau samaki.

Na kwa nini walikuja kwetu? Ikweta hiyo hiyo. Dunia inakusukuma zaidi ukirusha kutoka hapa. Huyo Clarke kwenye The Fountains of Paradise ametaka kujenga mnara kutoka ardhini mpaka huko juu kilomita 36,000, lifti ya kwendea angani, sasa mnara huo lazima usimame kwenye Ikweta. Sri Lanka haiko kwenye Ikweta. Alifanyaje? Akaichukua nchi nzima akaisogeza kusini kwenye kitabu, akaibadilisha jina ikawa Taprobane! Mapenzi gani hayo ya kisiwa. Lakini mzee, ungetuuliza, sisi tuna Mlima Kenya mita 5,199 uko pale pale kwenye mstari, usingesumbuka kuhamisha nchi ya watu.

Fundi wa Juu

Na mafundi wako. Tungekupa bei nzuri.

Mwanakijiji wa Eldy

Mimi niko Eldoret. Kilichonitoa machozi si vitabu. Alipotimiza miaka 90 mwezi Disemba alirekodi ujumbe wa video, nimeitazama leo, imechukua karibu saa nzima kujaa hapa kafe, inacheza neno moja inasimama. Akasema ana matakwa matatu. Moja, aone ushahidi kwamba kuna viumbe wengine huko nje. Mbili, tuachane na mafuta tupate nishati safi. La tatu nilidhani atasema kuhusu roketi, akasema amani ya kudumu Sri Lanka, kwa sababu ameishi kwenye nchi yenye vita kwa nusu ya muda aliokaa hapo, na kwamba amani haiji kwa kuitamani tu.

Siku ile aliyokuwa anatimiza miaka 90 sisi huku tulikuwa tunapiga kampeni, tunacheka. Wiki mbili baadaye, baada ya uchaguzi, mnajua kilichotokea. Sina zaidi.

Kibatari (Dar)

Pole sana ndugu yetu. Poleni wote.

Bi Rehema wa Pwani, Ijumaa Kuu

Nimekuwa nikisoma kimya. Mlalahoi ana hoja moja ambayo mmeipita haraka, ingawa aliisema vibaya. Kuna wetu. Katama Mkangi, mtu wa Pwani hapa Kenya, mwanasosholojia, aliwekwa kizuizini 1986 kwa siasa zake, mwaka 1995 akatoa Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo, anaingizwa kwenye chombo na kurushwa angani akafie huko, badala ya kufa anajifunza kukiendesha, anafika kwenye dunia nyingine ambako watu wanaishi kwa haki. Hiyo ni riwaya ya sayansi ya kubuni, kwa Kiswahili kitamu, imeandikwa na mtu aliyeonja kufungwa. Alifariki 2004 kwa ajali ya barabarani. Mimi nilikuwa najua mtandao siku hizo na sikuona uzi wa kurasa kama hizi. Magazeti yaliandika mwanaharakati amefariki, mgombea wa zamani wa urais amefariki. Ni kweli alikuwa hayo. Lakini mtu aliyempeleka Mswahili angani kwa roketi, huyo wachache walimlilia.

Simkatai Clarke, nampenda pia. Nasema tu machozi yetu tuyagawe vizuri.

Mlalahoi Asilia

Bi Rehema shikamoo. Hicho ndicho nilichokuwa nataka kusema ila mimi sina maneno. Hiyo Walenisi naipata wapi?

Bi Rehema wa Pwani

Marahaba. Maduka ya vitabu ya Mombasa na Nairobi, uliza East African Educational Publishers. Kwa Dar sijui, nitauliza.

Kibatari (Dar)

Bi Rehema umenipiga panapouma na ni haki. Walenisi sijaisoma. Naiongeza kwenye orodha.

Kuna jambo moja naomba niseme kuhusu kwanini Clarke hasa. Wengi walioandika mambo ya anga walitupeleka vitani huko, bunduki za mwanga na nini. Yeye karibu kila kitabu ni mhandisi ana tatizo la kutatua, au mzamiaji, au nahodha mstaarabu. Wahusika wake, tuseme ukweli, ni wakavu, hukumbuki majina yao ukifunga kitabu. Ila unakumbuka MAHALI. Nimefika ndani ya Rama mimi. Na alijua anachoandika, bahari alizamia kweli, wenzake wa uzamiaji walikuta hadi meli iliyozama na sarafu zake za fedha kule kusini mwa Sri Lanka. Tsunami ya Desemba 2004, hiihii iliyofika mpaka kwetu ikaua watu Dar na kule Somalia, ilimsombea shule yake ya uzamiaji pale Hikkaduwa.

Na hao wanaosema nyaya za baharini zikija mwakani setilaiti zitakuwa makumbusho, mjue mzee kaandika kitabu cha historia ya nyaya za baharini pia, Voice Across the Sea, 1958. Kotekote kapita, huwezi kumkwepa.

Darubini, Jumamosi 22 Machi

Wakuu, amezikwa leo Colombo, makaburi ya Borella, kwenye eneo la familia aliyokuwa akiishi nayo. Kama alivyoagiza, hakuna ibada. Maneno aliyotaka yawe kwenye kaburi lake alikuwa ameshayasema miaka mingi: kwamba hakuwahi kuwa mtu mzima, lakini hakuacha kukua.

Na sasa kaeni vizuri. Jumatano ileile, tarehe 19, chombo cha angani kiitwacho Swift kilinasa mlipuko wa miale ya gama kutoka kundinyota la Bootes. Mwanga wake umesafiri miaka kama bilioni saba na nusu, umeanza safari kabla jua letu halijawepo. Na kwa muda wa kama nusu dakika uling'aa kiasi kwamba mtu aliyekuwa mahali penye giza, akiangalia mahali sahihi, angeuona kwa macho yake bila darubini. Hakuna kitu cha mbali hivyo kilichowahi kuonekana kwa macho matupu. Kwetu ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, jua limeshatoka, tusingeweza kuona. Kuna watu huko nje wameshaanza kusema mlipuko ule uitwe kwa jina la Clarke.

Mzaramo Mtulivu

Yani aliyeandika The Star?? Siku hiyohiyo?? Hapana, mimi naenda kulala.

Ustadh Mpenda Nyota

Allahu Akbar.

Mlalahoi Asilia

Bahati nasibu tu hiyo. Milipuko inatokea kila siku.

Darubini

Kweli kabisa, inatokea karibu kila siku, na Clarke mwenyewe angekuwa wa kwanza kukuunga mkono. Ya kuonekana kwa macho ndiyo haitokei.

Nyangema

Saa tatu na dakika 12... Kibatari si ulisema habari uliipata saa tatu asubuhi?

Kibatari (Dar)

Nyangema achana na mimi, nimeshasisimka vya kutosha.

Dereva wa Mpondwe, Jumatatu ya Pasaka

Habari za sikukuu wakubwa. Bado niko huku, sikukuu imefunga ofisi ya forodha, karatasi bado. Nimezunguka Kasese yote hamna anayeuza Rama, kuna Biblia na vitabu vya mtihani tu. Nani anaweza kunifanyia mpango? Wiki ijayo nitakuwa Kampala kupakia.

Nyangema

Ninacho, kizima, jalada lipo na kurasa za mwisho zipo. Kuna jamaa yangu anaendesha basi la Dar kwenda Kampala, nitampa Alhamisi, mkutane stendi. Nakutumia namba yake pembeni. Masharti mawili: usikunje kurasa, na ukimaliza usimpe mtu wa forodha.

Dereva wa Mpondwe

Nitakirudisha na asali ya Kongo juu. Na ile ya padri na nyota je?

Mzaramo Mtulivu

Hiyo nakuandikia kwa mkono naiweka ndani ya kitabu. Ni fupi. Ila usiisome ukiwa unaendesha.